Dereva Aliyeogopa Mteremko

Watu wenye safari ya Mtowisa wakifika dukani kwa Bi. Kulsumu, pale Sumbawanga mjini, hawakuuliza gari linaondoka saa ngapi. Waliuliza linaendeshwa na nani. Wakiambiwa ni Isdori, walirusha mizigo yao kwenye keria na kwenda zao kutafuta chai, wakijua kwamba watafika.

Isdori alikuwa Mfipa wa vijiji vya huko juu, mwembamba, mwenye masikio makubwa na sauti ya chini iliyowafanya watu wamsogelee ili wamsikie. Gari alijifunzia katika gereji ya misheni enzi za ujana wake. Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akaja kufungua, akaja kufunga, na mwisho kabisa ndipo akaruhusiwa kushika usukani. Bi. Kulsumu alimchukua mwaka ule aliofiwa na mumewe, alipoachiwa duka la jumla, gari moja la kazi na mtoto mdogo wa kiume aitwaye Abuu. Tangu hapo Isdori akawa anashusha sukari, sabuni, chumvi na misumari bondeni, na kupandisha mchele na abiria.

Kati ya duka na mchele kuna mteremko. Ufipa ni nchi ya juu, nchi ya baridi na majani na upepo usiochoka, halafu inakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu. Chini ya ukingo ule, wenyewe wanaouita Lyamba lya Mfipa, kuna bonde la Ziwa Rukwa na joto lake, mpunga wake na ng'ombe wake. Barabara ya kushukia imebanwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine hewa tupu.

Kabla ya kuanza kushuka, Isdori alikuwa na desturi ya kusimama. Aliweka foo-wili ili tairi zote nne zivute, akaweka gia ndogo, kisha akaondoa miguu yote miwili kwenye pedeli na kuliacha gari lijishushe lenyewe, likinguruma polepole kama mzee anayesali.

"Breki ni ya kusimamia," alikuwa akimwambia Abuu, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na alikuwa anajifunza kazi. "Kushuka, unashuka na gia. Ukikanyaga breki juu ya tope umeligeuza gari kuwa kipande cha sabuni."

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshiba, siku barabara ilipomkatikia. Hakuwa amekosea chochote. Alikuwa katika kona ya tatu, mwendo wa mtu anayetembea, na ardhi ya ukingoni ikaondoka chini ya tairi ya nyuma bila kutoa hata mlio. Gari likainama. Likateleza kiubavu, abiria wakarundikana upande mmoja, halafu likagota kwenye mti mmoja wa porini ambao shina lake halikuzidi paja la mtu, na hapo likatulia, nusu barabarani na nusu hewani.

Isdori alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Alijua kwamba akiinua mguu, tairi ya mbele iliyobaki barabarani itaachia.

"Msisukumane," alisema bila kugeuka, kwa sauti yake ile ile ya chini. "Tokeni upande wa mlima, mmoja mmoja. Mwenye mtoto atangulie."

Mwenye mtoto alikuwa Kabula, mama wa Kisukuma ambaye yeye na mumewe Meshack walihamia bondeni na ng'ombe wao miaka kadhaa nyuma. Alitoka na mtoto mgongoni, akafuatiwa na bibi mmoja, kisha wanaume wawili, kisha wengine. Isdori aliwasikia wakitoka kwa jinsi gari lilivyozidi kuwa jepesi na kuzidi kuyumba. Ulipofika wakati wake aliurukia mlango wa abiria, akaangukia matopeni kwa mikono, na nyuma yake mti ukavunjika. Hakuliangalia gari likienda. Alilisikia tu, na mlio ule ulichukua muda mrefu kuliko alivyotegemea.

Hakuna aliyekufa. Mjini walimbeba juu kwa sifa. Kanisani padri alimtaja, na Bi. Kulsumu alichinja mbuzi akalisha watu, akasema alhamdulillahi, chuma hununuliwa, mtu hanunuliwi. Isdori alikaa katikati ya watu wale akitabasamu kidogo. Aliona aibu, na hakujua anaona aibu ya nini.

Gari jipya likatafutwa. Bi. Kulsumu alimtuma Isdori aende Mbeya pamoja na Abuu, akamwambia, "Wewe ndiye utakayelala nalo na kuamka nalo. Chagua wewe. Abuu akuangalizie tu usije ukaniletea jeneza."

Katika yadi ya magari Abuu alipenda moja tangu mlangoni: kubwa, jeusi, linalong'aa, lenye ringi pana na gia za kujibadilisha zenyewe. Isdori hakulibeza. Alilizunguka, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya tumbo lake.

"Zuri," alisema. "Lakini angalia tumbo lilivyo chini. Na pua imetokeza mbele ya tairi kama mdomo wa bata. Pale mtoni litachoma pua kabla tairi haijagusa ng'ambo."

Aliloliendea lilikuwa gari la zamani, aina ambayo madereva huiita mkonga, lililotoka kwenye mradi fulani wa maji. Lilikuwa refu la bodi, lenye benchi za ubavuni, na bomba lake la kuvutia hewa lilipanda pembeni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Isdori alilala chali chini yake karibu nusu ya asubuhi. Aligonga chasisi kwa spana akisikiliza kama kuna mahali pamechomelewa. Alihesabu majani ya springi kwa vidole, akanusa mafuta ya difu. Halafu akaomba ufunguo, akalipeleka kwenye kilima nyuma ya yadi, akaweka gia ndogo na kuliacha lipande lenyewe bila kukanyaga mafuta. Likapanda.

"Hili likiharibika Mtowisa, litatengenezwa huko huko Mtowisa," alisema. "Lile jeusi likiharibika, tutaita mtu mwenye kompyuta."

Abuu alikubali, ila naye akashikilia lake. Alitaka winchi, mashine ya gari kujivuta kwa waya, ifungwe kwenye bampa la mbele. Isdori aliona ni urembo. "Mbuga yote ile haina mti," alisema. "Utaifunga wapi, kwenye pembe ya ng'ombe?" Lakini Abuu hakuacha, na winchi ikafungwa.

Waliliendesha hadi Sumbawanga wakipokezana, na Isdori alikuwa na furaha kama bwana harusi. Wiki iliyofuata wakapakia mzigo wa kwanza wa Mtowisa. Walipofika ukingoni alisimama kama desturi yake, akaweka foo-wili, akaweka gia ndogo. Bonde lilikuwa jeupe kwa ukungu. Akataka kuinua mguu kutoka kwenye breki, mguu ukakataa.

Haikuwa kwamba aliamua. Mguu wenyewe ulikataa, ukawa unatetemeka juu ya pedeli hadi funguo zikawa zinalia kwenye swichi. Alikuwa kama analisikia tena gari lile la zamani likienda chini.

"Mzee Isdori?" Abuu aliita.

"Mgongo," Isdori alijibu. "Mgongo umenishika. Njoo ukae huku."

Basi mgongo ukawa ndio jibu lake kwa msimu mzima wa kiangazi. Aliendesha kwenda Laela, aliendesha kwenda Namanyere, kote huko juu alikuwa Isdori yule yule. Ikitajwa Mtowisa, mgongo unamshika, na Abuu anakwenda peke yake. Watu walimletea dawa za kuchua. Mkewe, Klementina, alimchua jioni kwa jioni, mpaka siku moja akauacha mkono juu ya bega lake na kumwambia, "Baba Gabriel, mgongo huu ni mzima. Nimeshika mingi."

Klementina akafunika chupa ya dawa, akaiweka dirishani, na hakumchua tena.

Mvua zikarudi. Siku moja mwanzoni mwa mwaka, Bi. Kulsumu mwenyewe alifika nyumbani kwa Isdori na mwavuli wake, viatu vimejaa tope jekundu. Hakukaa.

"Abuu amenasa," alisema. "Amepita Mtowisa, yuko kwenye kile kijito karibu na kwa akina Kabula. Tangu jana. Anasema tope limefika kwenye mlango, na mawingu yako mlimani. Mvua ikinyesha huku juu, maji yatamkuta hapo alipo. Isdori, ndugu yangu, najua mgongo wako. Sikulazimishi."

Klementina alikuwa mlangoni akimwangalia mumewe. Isdori akaingia ndani kuchukua koti.

Bodaboda wa mtaani, kijana aitwaye Sebastiani, alimpakia hadi ukingoni. Palipoanzia mteremko Isdori alimgonga begani asimame, akashuka, akamshukuru.

"Mzee, nakufikisha mpaka chini," Sebastiani alisema. "Njia naijua."

"Naijua pia," Isdori alisema. "Nitatembea."

Kwa miaka yote aliyopita pale, hakuwahi kuishuka barabara ile kwa miguu. Sasa aliiona ilivyo. Aliona mahali maji yanapokata, mahali mawe yamelala vizuri na mahali yamelala kwa uongo. Mwili wake haukukataa. Ulitembea. Alipofika kona ya tatu alisogea hadi ukingoni na kuangalia chini, na gari la zamani lilikuwepo kule, limelala chali, majani yameanza kuliingia. Watu walikuwa wameshachukua viti na milango. Kisiki cha ule mti kilikuwa hatua chache chini yake, kimechipua upya pembeni.

Isdori alikaa juu ya jiwe. Akalia hapo, mtu mzima, bila haraka, kofia magotini. Hakuwalilia abiria, maana walikuwa hai. Nadhani alikuwa anaulilia ule muda alipokuwa amebaki peke yake ndani ya gari, breki miguuni, akiwasikia wenzake wakitoka mmoja mmoja, na kujua kwamba wa mwisho ni yeye. Habari za muda ule hakuna aliyewahi kumuuliza. Alipomaliza alifuta uso, akashuka hadi bondeni, na huko pikipiki moja ya wauza samaki ikampakia hadi Mtowisa na mbele yake.

Alilikuta gari kijitoni, limezama katika udongo mweusi wa mbuga, limeelekea nyumbani, magunia ya mchele yakiwa yameshushwa na kupangwa juu ya majani. Ng'ombe wa Meshack walikuwa wamejaribu kulivuta mpaka mnyororo ukakatika. Abuu alikuwa tope tupu, hata nyusi zilikuwa tope.

"Shikamoo mzee. Nimeharibu."

"Marahaba. Hujaharibu, umenasa. Tairi umezizungusha sana?"

"Sana."

"Acha kuzizungusha. Kila ukizungusha unachimba kaburi."

Alizama hadi magotini, akaanza kutoa upepo kwenye tairi, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa zimekaa bapa kama miguu ya bata. Meshack na vijana wa jirani wakatoa tope kwa majembe na kulaza matete mbele ya tairi. Gari likasogea shibiri moja, likarudi palepale. Mlimani kulikuwa kumeshakuwa kweusi.

Hapo Abuu alisema, kwa kusitasita, "Mzee, kwenye simu niliona watu wa jangwani hawana mti hata mmoja. Wanazika tairi la akiba."

Isdori alimtazama. Kisha akatazama ile winchi aliyoiita urembo. "Haya," alisema. "Lizike."

Wakachimba shimo mbele ya gari, ng'ambo kwenye udongo mgumu, wakalisimamisha tairi la akiba ndani yake, wakapitisha waya wa winchi kwenye tundu la ringi na kuufunga kwenye nondo nyuma yake, kisha wakalifukia na kulikanyaga wote kama wanaotwanga. Isdori akakaa kwenye usukani. Waya ukakaza, ukalia, shimo likapasuka nyufa, na tope likatoa sauti ya mtu anayetoa buti, kisha gari likaanza kupanda matete lenyewe, pole pole, likitiririka maji machafu. Vijana walipiga mbinja. Abuu alicheka peke yake huku akikunja waya.

Maji ya mlimani yalipita kwenye kijito kile wakati wao wameshaketi kwa Kabula wakila wali na samaki. Waliyasikia tu.

Kabula alimmiminia Isdori maziwa, akakaa karibu.

"Dereva, mdogo wangu ameolewa huko Sumbawanga na sikwenda," alisema. "Tangu siku ile sijapanda mlima. Nafungasha, nafika stendi ya Mtowisa, narudi nyumbani. Meshack ananicheka."

"Simcheki," Meshack alisema kutoka upande wa pili. "Namwambia tu ng'ombe hawaogopi."

"Ng'ombe hawakuwemo," Kabula alisema.

Isdori alikuwa ameshika bakuli la maziwa mkononi. Angeweza kunyamaza. Abuu alikuwa pale, na Abuu alikuwa mwana wa tajiri wake.

"Hata mimi," alisema. "Sina mgongo wowote. Naogopa. Nikifika pale juu mguu unakataa."

Abuu alitua tonge. Hakuna aliyecheka. Kabula aliitikia kwa kichwa taratibu kama aliyeletewa habari ya ndugu yake.

"Basi kesho nitapanda na wewe," alisema, "ila ile kona nitapita kwa miguu. Ukikubali kunishusha pale, nitakwenda kumwona mdogo wangu. Usipokubali, sipandi."

"Nitakushusha," Isdori alisema.

Asubuhi walipakia mchele na abiria. Kupanda hakukumsumbua; mlima ukiwa mbele ya macho alikuwa anauweza. Chini ya kona ya tatu akasimama, akawaomba watu wote washuke. Mzee mmoja alinung'unika kwamba hajawahi kuona gari linalobebwa na abiria, lakini alishuka. Kabula alitangulia na mtoto wake, ambaye sasa alikuwa anatembea mwenyewe, akakaa upande wa ukuta wa mlima na mkono juu ya mawe njia nzima. Abuu alitembea kinyumenyume mbele ya gari akimwonyesha Isdori kwa mikono: kulia kidogo, njoo, njoo. Gari likapita. Upande wa juu Kabula alikuwa amekaa chini na kanga usoni, na haikujulikana kama analia au anacheka. Isdori alimsubiri mpaka akainuka.

Kumwambia Bi. Kulsumu ukweli kulimchukua Isdori siku kadhaa, na kulikuwa kugumu kuliko tope. Alimsikiliza hadi mwisho akiwa nyuma ya kaunta, halafu akauliza, "Kwa hiyo mbuzi wangu aliliwa na watu wakimsifia mtu mgonjwa, na hakuna aliyemuuliza hali?" Akashika kichwa. "Tusamehe, Isdori."

Kushuka alikuja kushuka mvua zilipopungua. Aliomba gari tupu, Abuu pembeni. Ukingoni alisimama, akaweka foo-wili, akaweka gia ndogo. Mguu ukaanza mambo yake. Hakujibishana nao. Alizima gari, akashuka, akatembea hadi kona ya kwanza na kurudi, akaikagua kila hatua. Akawasha. Mguu ulikuwa bado unatetemeka alipouinua, lakini uliinuka, na gari likashikwa na gia na kuanza kujishusha likinguruma. Abuu alikuwa anaangalia dirishani kama mtu asiye na habari, mikono imebana kiti. Walipofika chini, Isdori alisimamisha gari chini ya jua la bondeni, akavua koti, na shati lake lilikuwa limelowa kama la mtu aliyetoka mtoni.

"Mzee, turudi?" Abuu aliuliza.

"Ngoja kwanza nikojoe," Isdori alisema, na hapo ndipo wote wawili walipocheka mpaka wakashika bodi ya gari.

Siku hizi watu wanaokwenda Mtowisa na gari la Bi. Kulsumu wanajua kwamba kwenye kona ile watashushwa watembee, iwe mvua, isiwe mvua. Wapo wanaonuna na kupanda magari mengine. Wapo, hasa kina mama wenye watoto, wanaongoja gari hilo hata kama litachelewa. Isdori anashuka nalo wiki nyingi. Zipo asubuhi nyingine anafika ukingoni, anasimama, anasikiliza mwili wake kama alivyozoea kusikiliza injini, halafu anafungua mlango na kusema, "Abuu, leo shuka nalo wewe." Abuu anazunguka upande wa pili na kushika usukani, na hamuulizi kitu.